Menyu inayouliza "Shida yako nini?"

Swali: Nina duka la steshenari hapa Lindi mjini, si mbali na stendi. Kompyuta ziko sita, nne kati yake ni za wateja wanaojihudumia. Mwaka jana tulihama Windows, tukaingia Linux Mint ya Cinnamon, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kwa sababu flashi za wateja zilikuwa zinatuletea virusi kila mara. Vijana wangu wawili wameshazoea, ila wateja bado. Kila dakika naitwa: "Dada, Word iko wapi?", "Dada, hapa naprinti vipi?" Nimeiweka menyu yote kwa Kiswahili, hali ni ileile. Nikajaza aikoni 34 kwenye skrini ya mwanzo, ikawa vurugu zaidi. Nipangeje menyu ili mtu afike anakotaka bila kuniita?

Jibu: Dada yangu, pole kwa kuitwa kutwa nzima, na nashukuru umeuliza kuhusu menyu badala ya kuwalaumu wateja. Wateja wako hawana tatizo. Nimewahi kuhudumu kwenye chumba cha kompyuta huko Mtwara, na kelele nilizozisikia ni hizohizo, mpaka maneno yenyewe.

Mtu akisimama kaunta kwako unamkaribisha, kisha unamuuliza shida yake. Atakwambia: "Nataka kutuma maombi ya kazi," au "Kuna kitu kwenye simu nataka kukitoa," au "Mwanangu anaomba mkopo wa chuo." Hakuna anayekujibu "Naomba Michoro" wala "Nipatie Vifaa". Halafu unamwelekeza kwenye kompyuta namba tatu, anabofya menyu, na menyu inamuuliza kitu kingine kabisa: unataka programu ya aina gani? Swali hilo hana jibu lake, na hata ukiliandika kwa Kiswahili fasaha bado atakuwa hana. Ndiyo maana tafsiri yako haikusaidia. Ulibadilisha lugha ya swali, swali lenyewe likabaki palepale.

Makundi yale unayoyaona, Ofisi, Intaneti, Michoro, Sauti na Video, Vifaa, hayakutungwa na mtu aliyekaa na mteja. Yanatokana na kanuni za freedesktop.org, mradi ulioanza mwaka 2000 ili mazingira mbalimbali ya Linux, yaani sura zake za skrini na menyu, yaweze kuelewana. Kila programu inakuja na faili dogo la maandishi linalotaja jina lake na kundi lake. Menyu inayasoma mafaili hayo na kujipanga yenyewe. Kwa kupanga stoo, utaratibu huo ni mzuri sana, maana kila kitu kina rafu yake. Lakini wewe mwenye duka unajua kwamba stoo haipangwi kama kaunta.

Angalia inavyomfanya mteja wako. Ana cheti cha kidato cha nne mkononi, anataka kukiskani. Programu ya kuskani mara nyingi imewekwa chini ya Michoro, pamoja na GIMP, programu ya kurekebisha picha, kwa sababu kwa mtengenezaji matokeo ya skana ni picha. Kwa mteja, cheti si mchoro. Atapita Ofisi, atapita Vifaa, Michoro hataigusa.

Kuprinti ndiko kunakosikitisha zaidi. Naamini ndiyo shida inayoongoza dukani kwako, lakini kwenye menyu ya kompyuta kuprinti hakupo. Hakuna programu inayoitwa hivyo. Kitendo chenyewe kimefichwa ndani ya kila programu, kwenye orodha ya Faili, na ukikifikia ni baada ya kuwa umeshafungua hati. Mteja asiyejua hilo anatafuta neno "printa" kwenye menyu, analiona, anafurahi, anabofya. Linamfungulia ukurasa wa kuongeza na kuondoa mashine za kuprinti. Sasa yuko kwenye mipangilio ya mashine yako, na ndipo sauti inapokufikia kaunta: "Dada!"

Usidhani kwamba Windows ilikuwa imelimaliza jambo hili. Kwenye Windows 95 ya mwaka 1995, programu ulizoziongeza zilikuwa zinakaa kwenye menyu ya Start ndani ya folda ambazo mara nyingi zilibeba jina la kampuni iliyozitengeneza. Ili ufungue programu ilikupasa ujue kwanza nani kaitengeneza. Windows XP ya mwaka 2001 ilifanya jambo dogo ambalo mpaka leo nalipenda: juu kabisa ya menyu yake kulikuwa na neno Internet kwa herufi nzito, na chini yake kwa herufi nyepesi jina la kivinjari, kisha E-mail kwa herufi nzito, na chini yake jina la programu ya barua pepe. Kwanza shida, halafu chombo. Wateja wako walipokuwa kwenye Windows hawakuiita nyepesi kwa sababu imepangwa vizuri. Walikuwa wameshakariri njia mbili tatu, na kuhamia Mint kumewapotezea walichokariri. Basi usiwakaririshe njia nyingine ya kuzungukazunguka. Wape menyu isiyohitaji kukaririwa.

Kazi yako ya kwanza haihusu kompyuta. Weka daftari kaunta kwa wiki mbili. Kila mteja wa kujihudumia akikuita, andika maneno yake kama alivyoyatamka. Akisema "nataka kutoa hiki kitu kwenye simu", andika hivyohivyo. Ukikisafisha kikawa "kuhamisha faili", umeshapoteza ulichokuwa unakitafuta, kwa sababu neno lake ndilo litakaloandikwa kwenye menyu. Mpe daftari na kijana wa zamu ya jioni. Lindi ina watu wanaovuka na pantoni kutoka Kitunda, wanaoshuka kwenye mabasi ya Ruangwa na Nachingwea, wanafunzi, walimu, wakulima. Wengine Kiswahili kwao ni lugha ya pili baada ya Kimwera, Kimakonde au Kiyao. Watakwambia jambo lilelile kwa maneno manne tofauti, na yote manne utayahitaji.

Wiki mbili zikiisha, chukua manila, kata vikadi, kila shida kikadi chake. Waite wateja wazoefu, mmoja mmoja, waambie wavipange kwenye mafungu: zipi zinakwenda pamoja? Usiwapangie, wala usiwatajie majina ya mafungu. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya kompyuta, amependekeza watu 15 kwa zoezi la namna hii. Ukipata kumi usione haya, anza nao.

Kuna jambo moja nakwambia mapema kwa sababu mimi lilinichukua muda kulielewa. Nilikuwa nimegawa vikadi kwa vitendo: kuandika, kuskani, kutafuta mtandaoni. Watu walipopanga, walichanganya vyote. Barua, CV, kuskani vyeti na kufungua Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, waliviweka fungu moja, wakaliita "maombi ya kazi". Nilitaka kuwasahihisha. Baadaye nikaona wao ndio walio sahihi. Mtu haamki asubuhi akasafiri kutoka Mtama kuja kuskani. Amekuja kuomba kazi, na kuskani ni hatua moja ndani yake. Ukiliweka fungu hilo kama walivyoliweka, ukazipanga hatua kwa mfuatano wake, menyu yenyewe inamwongoza: andika barua, andika CV, skani vyeti, fungua Ajira Portal. Aliyemaliza ya kwanza anaiona ya pili ikimsubiri. Manufaa haya huyapati kwenye menyu iliyopangwa kwa aina za programu hata uipambe vipi.

Na mtu aliyekuja kuskani tu, bila kuomba kazi? Mwekee kuskani mahali pengine pia. Kitu kimoja kukaa sehemu mbili si dhambi, mradi kila sehemu ina mtu anayekitafuta pale. Usizidishe tu, maana vitu vyote vikikaa kila mahali, mafungu yanapoteza maana.

Sasa maneno yenyewe, na hapa nakuomba uwe makini kuliko mahali pengine pote. Chukua neno "chapa". Kuna mteja ambaye kwake kuchapa barua ni kuitaipu, na kuna mwingine ambaye kwake kuchapa ni kuitoa kwenye karatasi. Ukiandika "Chapa barua" kwenye menyu, nusu ya watu wataingia mlango usio wao, na hawatajua kwa nini. "Chapisha" nalo kwa wengi ni la magazeti na vitabu. Neno linalosikika dukani ni "printi", na halina utata. Liandike. Najua wapo watakaokwambia si Kiswahili sanifu. Mimi nakipenda Kiswahili sanifu, lakini neno la kwenye menyu ni kibao cha njiani, na kibao kinaandikwa jina ambalo msafiri analijua. "Pasipoti" nayo ichunguze kwenye daftari lako: kwa wateja wengi ni picha ndogo, pasipoti saizi, lakini wapo wanaomaanisha hati ya kusafiria. "Picha za pasipoti saizi" inamaliza utata kwa maneno manne.

Kuna na umbo la kitenzi. Kiswahili kinakupa njia mbili: "Kuandika barua" au "Andika barua". Ya kwanza ina adabu zaidi, na inaendelea vizuri baada ya "nataka". Lakini jaribu kuorodhesha vitu kumi vyote vikianza na "Ku": Kuandika, Kuprinti, Kuskani, Kutuma, Kurekebisha. Jicho linaposhuka kwenye orodha linashika herufi za mwanzo, na hapa zote ni zilezile, hivyo msomaji analazimika kusoma kila neno mpaka ndani. "Andika, Printi, Skani, Tuma, Rekebisha" zinatofautiana kuanzia herufi ya kwanza. Nilidhani wazee wangeona wanaamrishwa, lakini katika wote niliokaa nao hakuna aliyelalamika. Hatua ziandike kwa umbo hilo fupi. Mafungu ya juu yaandike kwa nomino pale watu wanapotumia nomino: "Maombi ya kazi", "Picha", "Shule na chuo".

Jina la programu usilifute. Mazingira ya GNOME, ambayo ni sura nyingine ya Linux kama ilivyo Cinnamon, kuanzia mwaka 2012, yaliziita programu zake kwa majina ya kazi tu: Nautilus, ya kufungulia mafaili, ikaonekana kama Files, na kivinjari Epiphany kikaitwa Web. Nia ilikuwa njema, lakini mtu akikwama akataka kutafuta msaada, atafute nini mtandaoni? Neno Files linamletea kila kitu duniani. Kwa hiyo andika shida mbele na chombo nyuma: "Rekebisha picha – GIMP". Mteja anasoma mwanzo, kijana wako anasoma mwisho.

Na huyu anayeuliza Word? Kwake Word imekuwa jina la kuandika chochote kwenye kompyuta, na huna haja ya kubishana naye. Andika "Andika barua au kazi ya chuo – LibreOffice Writer", na kwenye maelezo yake madogo uweke "inafungua na kuhifadhi faili za Word". Nitakuonyesha hapa chini namna ya kuifanya ionekane hata akiandika neno word kwenye sehemu ya kutafutia.

Idadi. Utaambiwa menyu isizidi vitu saba kwa sababu akili ya mtu inabeba saba tu. Hilo linatokana na makala ya George Miller ya mwaka 1956, na makala hiyo ilizungumzia mambo ambayo mtu anayashika kichwani, wala haikugusa orodha ambayo bado anaiona mbele yake. Menyu haikaririwi, inasomwa. Kinachoumiza watu zaidi ni kina, yaani kufungua kundi, ndani yake kundi, ndani yake tena kundi. Mwaka 1998 Kevin Larson na Mary Czerwinski walijaribu kurasa zenye vitu 512 zilizopangwa kwa namna tofauti. Ngazi mbili, 16 kisha 32, ziliwafikisha watu haraka kuliko ngazi tatu za nane nane. Kwako wewe: ngazi mbili, basi. Kundi, halafu kitu. Ukijikuta unahitaji ya tatu, rudi kwenye vikadi.

Kwa duka kama lako mimi ningeanza hivi, halafu daftari lako linirekebishe. La kwanza "Printi na skani", lenye printi kutoka kwenye flashi, printi kutoka kwenye simu, na skani karatasi. La pili "Andika", la tatu "Maombi ya kazi", la nne "Shule na chuo", ambamo mtaweka maombi ya mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo), uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa RITA, na kubadilisha tahasusi kwa waliomaliza kidato cha nne. La tano "Picha", la sita "Intaneti". La mwisho "Programu zote", kwa yule anayejua anachokitaka kwa jina. Hilo la mwisho usilifute kamwe; menyu ya shida haiwezi kujua shida zote.

Cinnamon, yaani sehemu ya Mint inayokuonyesha menyu, ina tabia yake: hupanga majina kwa alfabeti, haikuachii uamue kipi kitangulie. Dawa ni kuweka namba mwanzoni: "1 Printi na skani", "2 Andika", na hatua za ndani vilevile. Baki ndani ya tisa, maana 10 itakimbilia juu ya 2. Nilifanya hivyo kwa sababu ya alfabeti tu, kumbe namba zikanisaidia kwa njia nyingine: ukiwa kaunta mikono imejaa karatasi, unaweza kumwambia mteja "bonyeza tatu, halafu nne", naye akafika.

Utekelezaji si mgumu, na kijana wako mmoja anaweza kuumaliza kwa siku moja. Kwanza fungua akaunti ya mtumiaji iitwayo mteja, tofauti na ya wafanyakazi. Mabadiliko yote yafanyike humo, ili menyu mliyoizoea ninyi ibaki kama ilivyo. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya menyu, ingia kwenye mipangilio yake, utakuta kihariri cha menyu. Humo utaunda makundi mapya na kuondoa alama ya tiki kwenye yale ya zamani ili yasionekane.

Vitu vyenyewe ni yale mafaili madogo niliyoyataja, yenye mwisho wa .desktop. Ya mfumo yako /usr/share/applications. Nakili moja linalofanana na unalotaka, uliweke ndani ya .local/share/applications kwenye folda ya mteja, kwa jina jipya, kisha ubadilishe mistari minne. Name ni maneno yanayoonekana. Comment ni maelezo madogo. Exec ni amri inayoendeshwa. Keywords ni maneno ya kutafutia, yakitenganishwa kwa nuktamkato: hapo ndipo utaandika word;barua;taipu;kazi; na yale maneno mengine matatu ya daftari ambayo hayakupata nafasi kwenye jina. Ukikuta pia mistari kama Name yenye alama ya lugha nyingine, ifute kwenye nakala yako, isije ikalifunika jina lako.

Exec ndiyo inayokupa nguvu, kwa sababu si lazima ifungue programu tupu. Kwa "Printi kutoka kwenye flashi" andika nemo computer:/// nayo itamfungulia dirisha lenye flashi yake mbele ya macho; atafungua hati, na aikoni ya printa iko juu. Kwa "Andika barua ya kuomba kazi" tengeneza kiolezo chenye anwani ya mwandishi kulia, tarehe, anwani ya mpokeaji kushoto na mstari wa YAH, ukihifadhi kwa mwisho wa .ott, kisha Exec iwe libreoffice -n ikifuatiwa na njia ya faili hilo. Kila anayebofya anapata karatasi mpya. Usiweke faili la kawaida mahali pa kiolezo: mteja wa pili atakuta barua ya mteja wa kwanza, na jina lake, na namba yake ya simu.

Kwa hilo hilo la siri za watu, kitu chochote kinachofungua tovuti kifungue dirisha la faragha: firefox --private-window, halafu anwani. "Printi kutoka kwenye simu" kwa wateja wengi ni WhatsApp, na mtu akiondoka bila kujitoa, anayefuata anasoma maisha yake yote. Dirisha la faragha likifungwa, linasahau. Wafundishe vijana walifunge kila mteja anapoinuka. Na anwani za HESLB, RITA na Ajira Portal ziandike wewe mwenyewe, mara moja, ukihakikisha zinaishia na .go.tz. Mtoto wa watu asilazimike kuzitafuta na kuangukia tovuti ya matapeli akiwa amekalia kiti chako.

Menyu ikishasimama, ijaribu kabla hujaifungulia duka zima. Mkalishe mtu mmoja asiyeijua, mpe shida kwa maneno ya dukani: "Una picha kwenye simu, unataka pasipoti saizi nne." Usimwambie "nenda Picha", maana umeshamwonyesha. Kaa pembeni, mikono yako mbali na kipanya chake, na mdomo ufungwe. Andika alipobofya mara ya kwanza. Mbofyo huo wa kwanza ndio unaokwambia ukweli; akianza vizuri mara nyingi hufika, akianza vibaya huzunguka. Watu watano watakuonyesha makosa makubwa karibu yote. Kama watatu kati yao wameingia "Andika" wakitafuta CV, na wewe umeiweka "Maombi ya kazi" peke yake, usiwaeleze. Iweke na huko.

Baada ya hapo, iache itulie. Office 2000 ilikuja na menyu zilizokuwa zinajificha: vitu usivyovitumia vilitoweka, ulivyovitumia vilibaki, kila mtu na orodha yake. Ilionekana ni akili nyingi, lakini mkono wa mtu hukumbuka mahali, na mahali palipohama hapakumbukiki. Kwa hiyo usibadilishe namba za makundi kila mwezi. Msimu ukija, ongeza ndani ya kundi, usipange upya. Dirisha la mikopo likifunguliwa, "Omba mkopo wa HESLB" liingie kwenye "Shule na chuo", likifungwa liondoke. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, wakulima wanaohitaji nakala za vitambulisho kwa ajili ya akaunti za benki watakuja kwa wingi, lakini wengi wao shida yao iko kwenye mashine ya kutolea kopi. Hiyo si ya menyu hata kidogo. Waelekeze kwa karatasi kubwa ukutani, wasikalie kompyuta bure.

Kuhusu zile aikoni 34, ziondoe siku hiyohiyo utakayowasha menyu mpya, usiziache "kwa muda". Zikiwepo, watu wataendelea kuzisaka, nawe hutajua kama menyu inafanya kazi. Bakiza moja tu ukitaka, ile ya kuprinti kutoka kwenye flashi. Na daftari lisiondoke kaunta. Siku mteja atakapokuita tena "Dada!", andika alichosema.